Neno lililofutwa likirudi

Tuseme kuna barua ya zamani. Mama mmoja anamwandikia mdogo wake, na ni miaka hawajasemezana. Anaandika: salamu nimezipata. Kisha anaandika: nimekusamehe. Anatulia, anafikiri, anachukua kalamu na kulipiga mstari neno hilo. Anaendelea: watoto hawajambo. Barua inakunjwa, inatumwa, inahifadhiwa sandukuni, na miaka 60 baadaye inafika kwa watu wa hifadhi ya nyaraka, ambao wanaipiga picha na kuichapa upya kwenye kompyuta.

Mchapaji ni mwaminifu. Neno "nimekusamehe" amelichapa, kwa sababu lipo kwenye karatasi na linasomeka, ila amelizungushia lebo inayosema: hili limefutwa. Kazi yake kaifanya. Kisha waraka unapitishwa kwenye programu ya kuugeuza uwe ukurasa wa kusomwa, na ukurasa unatoka hivi: Salamu nimezipata. Nimekusamehe. Watoto hawajambo.

Hebu soma tena. Hakuna neno hata moja lililotungwa. Yote yametoka kwenye kalamu ya yule mama. Sentensi zimenyooka, nukta ziko mahali pake, hakuna kinachomshtua msomaji. Na bado ukurasa huu ni wa uongo, maana unatoa msamaha ambao mwenyewe alishaurudisha mfukoni. Swali langu ni hili: nani amedanganya?

Barua nimeitunga mimi, lakini kilichoipata hakijatungwa. Kwa wasiofahamu, XML ni namna ya kuandika maandishi pamoja na maelezo yanayoyahusu. Kila kipande kinawekwa ndani ya lebo yenye jina: huu ni ubeti, huu ni mshororo, hili ni jina la mtu, hapa pamefutwa. Lebo zinaingia ndani ya lebo nyingine, mpaka waraka mzima unakuwa kama mti wenye matawi. W3C, jumuiya inayosimamia viwango vya Wavuti, ilipitisha toleo la kwanza la XML mwaka 1998. Wanafasihi na wanahistoria wana msamiati wao wa lebo, uitwao TEI, ulioanzia kwenye mkutano wa mwaka 1987 katika Chuo cha Vassar, mjini Poughkeepsie, jimbo la New York. Ulianza kabla XML haijazaliwa, ukahamia humo baadaye.

Waraka wa XML ukiwa mbichi hausomeki kwa raha. Unahitaji kupikwa, na wapishi wake ni programu ziitwazo vichakataji. Unakiandikia kichakataji kanuni kwa lugha ya XSLT, ambayo toleo lake la kwanza, likihaririwa na James Clark, lilitoka mwaka 1999. Unakiambia: ukikutana na ubeti, fanya hivi, ukikutana na jina la kitabu, lilaze. Kichakataji, kiwe Saxon ya Michael Kay au libxslt au kingine, kinashika kanuni zako na kutembea juu ya mti tawi kwa tawi. Kikifika kwenye tawi lenye kanuni, kinatii.

Na kikifika kwenye tawi ambalo hukuliandikia kanuni? Wengi wangedhani kitasimama na kuuliza. Hakiulizi. Ndani ya XSLT tangu mwaka ule 1999 kuna kanuni zilizotiwa humo humo, ambazo hukuziandika wewe. Zinasema hivi, kwa ufupi: ukikutana na lebo usiyoijua, itupe lebo, ingia ndani yake, na maneno utakayoyakuta yatoe kama yalivyo. Sifa zilizobandikwa kwenye lebo ziache. Maoni ya pembeni yaache.

Nilipozisoma kanuni hizi kwa makini mara ya kwanza, sikuziona kama jambo la kiufundi tu. Niliona msimamo. Zinasema: neno lisipotee. Lakini ushahidi kuhusu neno, yaani nani kaliandika, kwa uhakika gani, na kama alibadili mawazo, huo unaweza kwenda zake.

Angalia zinavyofanya kazi. Mhariri akikuta neno limefifia, TEI inampa lebo ya kusema: nimelisoma hivi lakini sina hakika. Akikuta karatasi imeliwa na mchwa na yeye akakisia kilichokuwepo, ipo lebo ya kusema: haya ni yangu, si ya mwandishi. Bila kanuni, lebo zote mbili zinadondoka. Shaka ya mhariri inageuka hakika, na maneno yake yanavaa sauti ya marehemu. Kubwa zaidi ni ile lebo ya pengo, iitwayo gap. Hiyo kwa kawaida haina maneno ndani yake; habari yake yote iko kwenye sifa: hapa imepotea mishororo mitatu, sababu ni maji. Ikikosa kanuni, hakuna cha kutoa. Kichakataji kinapita juu yake kimya, na mshororo wa kabla ya pengo unashikana na wa baada yake kama ndugu waliozaliwa pamoja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa hata kutokuwepo kwenyewe hakupo.

Kuna makosa ya namna nyingine ambayo hayanisumbui sana. Mhariri akiweka kifupisho na kirefu chake bega kwa bega, na kanuni ikakosekana, ukurasa utaandika "Bw.Bwana". Utacheka, utarekebisha, basi. Kosa linalojitangaza lina heshima zake. Ninayoyaogopa ni yale yanayotoka yamechana nywele na kupaka mafuta.

Sasa turudi kwa nani amedanganya. Mchapaji? Hapana, alisema ukweli wote aliouona. Kichakataji? Hakina nia, kumlaumu ni kama kulaumu kinu kwa kutwanga. Waliobuni XSLT? Ningesita. Fikiria hali zao: nyaraka nyingi zina lebo za kupamba tu, na ukisahau mojawapo, ni afadhali maneno yaonekane bila mapambo kuliko aya nzima kutoweka. Kwa mwongozo wa kuendesha jenereta, uamuzi ule ni wa busara kabisa. Tatizo ni kwamba busara iliyofaa jenereta imeazimwa kimyakimya na barua ya msamaha.

Anabaki mwandishi wa kanuni. Yeye atasema: mimi sikusema kitu kuhusu maneno yaliyofutwa. Na kweli hakusema. Lakini hapa ndipo ninapoachana naye. Kwenye kichakataji hakuna nafasi ya kutoamua. Usipoamua, umechukua uamuzi wa mtu aliyekuwa mezani kwake mwaka 1999 akiwaza nyaraka nyingine kabisa, ukaupiga muhuri wako. Kutokuwa na kanuni ni kuazima kanuni. Na mtu akiazima kitu, anajibika kwa anachokifanyia.

Zaidi ya hapo, yeye ndiye mtu wa mwisho katika mnyororo mzima anayeweza kuona pande zote mbili. Mchapaji anaona lebo lakini haoni ukurasa. Msomaji anaona ukurasa lakini haoni lebo. Mwandishi wa kanuni amesimama mlangoni, na huku anaona na kule anaona. Kwangu mimi hilo linatosha kumbebesha mzigo, hata kama hakuwa na nia mbaya.

Atanijibu, na jibu lake lina uzito: TEI ina lebo zaidi ya 500. Nani anaweza kuziandikia zote? Kesho mchapaji mwingine ataleta lebo ambayo hujawahi kuiona. Huwezi kumdai mtu ajue yasiyojulikana.

Kweli, huwezi. Lakini dai langu si hilo. Nyumba zetu hazidaiwi kumjua kila atakayepiga hodi. Zinadaiwa kuwa na jibu hodi ikipigwa. Kutojua ni nani yuko mlangoni ni jambo moja, kutokuwa umeamua nyumba yako inampokeaje mgeni ni jambo lingine.

Na cha ajabu, toleo la tatu la XSLT, lililopitishwa mwaka 2017 chini ya uhariri wa Michael Kay huyo huyo, liliweka swali hili wazi. Linakuruhusu kutamka mwanzoni kabisa mwa kazi yako: wale nisiowatarajia watendewe vipi? Na linakupa majibu sita ya kuchagua. Niyaeleze kwa lugha ya mlangoni.

La kwanza ni lile la zamani: pokea mzigo wake, jina lake liache nje. La pili: mwache aingie na jina lake na sifa zake, kisha wanaofuatana naye uwaulize mmoja mmoja. La tatu: aingie yeye na watu wake wote kama walivyo, usiulize kitu. La nne: yeye na maneno yake wasiingie, lakini kama katika watu wake kuna unayemfahamu, huyo msikilize. La tano: arudi na wote aliokuja nao. La sita: simamisha shughuli nzima mpaka mwenye nyumba aje aone. Na juu ya hayo, unaweza kuomba upewe onyo kila anapotokea asiye na kanuni.

Watu wanaofanya kazi hii watasema hayo ni machaguo ya kawaida tu. Sawa. Lakini mimi naona humo orodha ya namna jamii zinavyowatendea wasiowatarajia: mhamiaji anayekaribishwa kwa ajili ya mikono yake na kunyang'anywa jina, anayepokelewa na vyote alivyo navyo, anayefukuzwa na familia yake. Sisemi kwamba wabunifu walikuwa wakiwaza hivyo. Ninasema tu kwamba swali ni lile lile, na kwamba safari hii limeandikwa mahali ambapo huwezi kulikwepa.

Lipi katika sita ni sahihi? Inategemea kazi. Unayehamisha nyaraka kutoka hifadhi moja kwenda nyingine chukua la pili. Hujui nani atahitaji nini kesho, kwa hiyo usitupe. Unayechapa toleo ambalo watu watalinukuu, mimi nakushauri la sita, hata likikuudhi. Kazi itasimama mara kumi kwa siku, na kila ikisimama utakuwa umekutana na jambo ambalo vinginevyo ungelipitisha bila kujua. Na kama chombo chako ni cha zamani, kinachojua toleo la kwanza tu, bado unaweza kuandika kanuni moja ya mwisho inayompokea yeyote asiye na kanuni. Njia hiyo imekuwepo tangu mwanzo. Kwa hiyo "chombo hakikuniruhusu" si udhuru.

Utasikia mtu akisema: mbona unakuza mambo? Msomaji wa riwaya hataki kuona kila mkwaruzo wa kalamu. Anataka hadithi. Nakubaliana naye, na mfano mzuri ni Frankenstein. Mary Shelley aliiandika kati ya mwaka 1816 na 1817, ikachapishwa 1818, na mumewe, Percy, aliingiza marekebisho kwenye rasimu zake. Madaftari hayo yako Maktaba ya Bodleian, Oxford, na tangu mwaka 2013 yanasomeka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Shelley-Godwin, yakiwa yamewekewa lebo za TEI zinazoonyesha mkono upi uliandika nini. Miaka mitano kabla ya hapo, Charles Robinson alikuwa ameshatoa kitabu chenye hadithi hiyo mara mbili: pamoja na maneno ya Percy, na bila ya maneno yake.

Sasa, habari ya mkono wa nani hukaa kwenye sifa za lebo. Na sifa, kama nilivyosema, ni za kwanza kudondoka. Mtu akichukua waraka wa namna hiyo na kuupitisha kwenye kichakataji bila kanuni, maneno ya mume yatayeyuka ndani ya maneno ya mke, na yale ambayo mke aliyafuta yatafufuka yachanganyike nayo. Ukurasa usio na mikwaruzo si dhambi. Robinson alitoa kurasa safi, tena mara mbili. Tofauti ni kwamba yeye alichagua usafi wake na akauandika jalada kwa jalada. Usafi uliotokea wenyewe kwa sababu hakuna aliyeuliza, huo ndio ninaoukataa.

Tusidhani pia kwamba kompyuta ndizo zilizoleta jambo hili. Wapenzi wa tenzi zetu wanalijua kwa njia nyingine. Mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa tahajia ya zamani, hauonyeshi kila kitu: ba moja inaweza kuwa b, au p, au mb; alama moja ya irabu inaweza kuwa i au e. Aliyehamishia kwenye herufi za Kirumi aliamua, neno baada ya neno, na vitabu vingi tulivyovisoma vilituletea uamuzi bila kutuletea mlango uliofungwa. Naye alikuwa kichakataji, ila chenye masikio na elimu ya mashairi. Alijua vina vinavyodai nini. Tunachokosa kwake si umahiri, ni lebo tu: hapa nilichagua.

Upande wa pili wa vyombo hivi ni kuuliza. XQuery, lugha iliyopitishwa mwaka 2007, inakuwezesha kuihoji hifadhi nzima ya XML kupitia vichakataji kama BaseX au eXist-db: nipe barua zote zilizoandikwa na wanawake. Tuseme jibu ni 0. Unaweza kuandika makala nzima juu ya sifuri hiyo. Lakini sifuri inatoka njia nyingi. Huenda kweli hakuna barua za wanawake. Huenda zipo tele, ila walioziwekea lebo hawakuona sababu ya kuandika jinsia. Na huenda umeita vibaya: kila lebo ya TEI ina ukoo wake, yaani anwani ndefu inayoitofautisha na lebo ya jina hilo hilo katika msamiati mwingine, na ukiiita kwa jina tupu bila ukoo, haiitiki. Hakuna king'ora kinacholia. Unapewa jibu tupu, kwa adabu kabisa, na ukisema hesabu, unahesabiwa sifuri.

Sifuri zote tatu zinafanana usoni. Ni ile ile habari ya pengo, sasa imevaa suti ya takwimu. Kwa hiyo anayesema "nimetafuta hifadhini, hakuna" anadaiwa zaidi ya jibu. Anadaiwa aseme aliuliza vipi.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wapenda vitabu. Lakini kuna msamiati mwingine wa XML uitwao Akoma Ntoso, jina la Kiakan lenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Ulizaliwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabunge ya Afrika, na mwaka 2018 ukawa kiwango cha kimataifa chini ya OASIS. Unabeba miswada ya sheria, sheria zenyewe na hukumu. Nao una lebo ya maneno yaliyoingizwa na lebo ya maneno yaliyofutwa. Sihitaji kukueleza zaidi. Adhabu ambayo bunge liliifuta, ikipita kwenye kichakataji bila kanuni, inarudi kwenye ukurasa ikiwa na herufi zile zile na uzito ule ule.

Ninachoomba, basi, si kikubwa. Siombi kila mtu awe fundi wa XSLT. Naomba kwamba kila toleo la kidijitali linaloletwa mbele yetu liwe na aya moja pale mwanzoni, kwa lugha ya kawaida: yaliyofutwa tumeyafanya hivi, mapengo tumeyaonyesha hivi, tulipokisia tumetia alama hii, na tusiyoyatarajia tumeyapokea kwa jibu fulani kati ya yale sita. Nasi tunaohakiki vitabu tuiulize aya hiyo kama tunavyouliza jina la mfasiri. Ikikosekana, tuseme imekosekana.

Maana mwandishi aliyekufa hawezi kuja kupiga mstari mara ya pili.